Mchunga Chupa

Kabla Inspekta Kavira hajauliza swali la kwanza, Kapteni Bwambale alikwisha kumpa jibu la mwisho.

"Ni mpishi," alisema. "Jioni tunaondoka naye."

Kavira alikuwa bado mlangoni, vumbi la barabara ya Butembo limemkaa kwenye nyusi. Akaangalia ukumbi. Meza zilikuwa zimeachwa kama zilivyokuwa jana, mifupa ya mbuzi sahanini, viti vimeanguka. Nyuma ya meza kuu zilisimama bendera mbili. Ya wageni ilikuwa mpya, bado ina mistari ya kukunjwa dukani. Ya kwetu ilikuwa imefuliwa mara nyingi. Nchi yetu ni kubwa kwenye ramani, lakini kwenye meza ile wageni ndio waliokuja na magari ya deraya, ndege na mafuta, na sisi tulikuja na barabara zetu na wafu wetu.

Mazungumzo ya majeshi mawili yalikuwa yamekwisha salama, na jana watu walikula na kunywa. Kesho wakubwa wangetia sahihi mkataba wa doria za pamoja kwenye barabara ya Mbau, ambako wakulima walikuwa wameacha mashamba kwa hofu ya mapanga. Ndani ya mkataba huo kulikuwa na zawadi ndogo iliyozungumzwa zaidi kuliko doria zote. Ilikuwa nafasi moja, moja tu, ya kusoma mwaka mzima katika chuo cha kijeshi cha wageni. Atakayerudi kutoka kule ndiye angekuwa mkuu wa uhusiano wa majeshi yote mawili hapa Beni.

Nafasi hiyo alipewa Meja Josaphat Maliro. Jana Meja alitoa hotuba, akapigiwa makofi, akarudi kukaa, akanywa sukre yake, soda ya machungwa, halafu akalaza kichwa mezani kama mtoto katikati ya mahubiri. Watu walicheka. Waliacha kucheka walipoona midomo yake imegeuka rangi. Sasa alikuwa Butembo hospitalini, anapumua kwa mashine.

"Tumepima," Bwambale aliendelea. "Ni dawa ya usingizi, nyingi, ndani ya chupa ya soda. Vinywaji vilikuwa mkononi mwa huyu mama Rachida. Doria yetu ilikamata lori la kaka yake, Bilali, kule Mbau. Mama huyu akaja hapa getini kupiga kelele. Askari wangu walimsikia kwa masikio yao: 'Mutakula chakula yangu, na mutanikumbuka!'"

"Kila mupishi wa Beni anasema vile, mon capitaine. Ni publicité, ya kuuza chakula."

Bwambale hakucheka. Alikuwa mtu wa upande wa pili wa Ruwenzori, mwenye Kiswahili cha kambini na Kikonzo ambacho Kavira alikielewa bila kutaka. Wangeweza kuwa binamu, na hapo ndipo alipomkera zaidi: binamu mwenye gari la ubaridi ndani, mwenye sanduku la vipimo linalofunguka kama kinanda.

"Nipe nione chupa."

Bwambale akampa kwanza glavu, mpya, ndani ya pakiti. Kavira akazivaa polepole. Za kwake, kule ofisini, zilikuwa zikifuliwa na kuanikwa dirishani. Nyuma yake mwenzake, Inspekta Sagesse, alikohoa. Walikuwa wamekaa dawati moja katika mafunzo ya upelelezi, na kwa kawaida Sagesse ndiye aliyekuwa na maneno mengi. Leo hakuwa nayo, tangu Kanali alipotaja jina la Kavira kuongoza kesi.

Chupa ilikuwa ya sukre ya machungwa, imebaki nusu. Kando yake, katika mfuko wake mdogo, kulikuwa na kifuniko.

"Kilikuwa wapi?"

"Juu ya mdomo wa chupa. Chali. Walifunika nzi wasiingie, hata kwetu tunafanya hivyo."

"Hii ni kifuniko ya bia."

"Kifuniko ni kifuniko, Inspekta."

Kavira akakisogeza dirishani. Ukingo ulikuwa umepinda upande mmoja, na penye pindo palikuwa na alama mbili za meno, moja imezama, nyingine imegusa tu.

"Meja alikuwa anakunywa bia?" aliuliza.

"Josaphat?" Sagesse akajibu. "Hata tone. Kambi nzima inamuita Bébé."

*

Rachida alikuwa amefungiwa stoo, mikono imefungwa kwa kamba ya plastiki. Aliinuka alipomwona Kavira.

"Mutoto ya Butembo! Mungu ni mukubwa. Wambie hawa batu banifungue, sufuria zangu ziko inje, bajeshi bataziiba."

"Zitalindwa, maman. Sikia: chupa ya Meja, nani alifungua?"

"Miye! Mbele ya macho yake! Hapa kwetu nani atakunywa chupa asiyoiona ikifunguliwa? Na yeye zaidi ya bote. Siku ya ndoa yake, mama mukwe alimuletea sukre imekwisha kufunguliwa, akamurudishia. Mama mukwe! Beni nzima ilisikia."

"Na kifuniko chake?"

Rachida akaonyesha kwa kidevu aproni iliyotundikwa msumarini. "Byote biko mule. Batoto banachezea dame, banapanga juu ya ubao."

Kavira akatia mkono mfukoni mwa aproni, akavimwaga vifuniko juu ya gunia la mchele. Vya machungwa, vya ndimu, vya maji ya gesi. Cha bia hakikuwepo hata kimoja.

"Bia hukugawa?"

"Miye ni Muislamu, mama. Bia bajeshi bayenyewe babeba, bayenyewe bafungua. Bengine na meno, sawa imbwa."

Kavira akamgeukia Bwambale. "Meja alisimama kwenda kutoa hotuba. Chupa yake, ilifunguliwa, ilibaki mezani. Alimwachia nani?"

"Kwa nini amwachie mtu? Aliiacha tu."

"Hapa hakuna kuiacha tu. Chupa ukiipa mugongo imekwisha kuwa ya kumwaga, hata kama umenywa tone moja. Kama utarudi kwayo, lazima umeachia mutu akuchungie. Na hauachii mutu yeyote. Unaachia mutu unaweza kumuachia mutoto yako."

"Labda alikuwa na kiu akasahau."

"Yule alirudisha chupa ya mama mukwe."

Bwambale akakuna shingo. Rachida, ambaye hakuwahi kuona askari wa kigeni akinyamazishwa, alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Sikuona nani alichunga," alisema. "Nilikuwa jikoni na madame ya Meja."

"Ornella? Alikuwa anafanya nini jikoni?"

"Analia. Toka bwana yake alishika mukono ya ule lieutenant mwanamuke wa bageni, mpaka tuliposikia makelele. Aliniambia ni bitunguu." Rachida akashusha sauti. "Bitunguu tulimaliza kukata asubuhi."

Simu ya Kavira ikaita. Ilikuwa Kanali, na Kanali hakusalimia. Kavira alisikiliza, akasema "Oui, mon colonel" kila alipoachiwa nafasi, akaiweka simu mfukoni. Hakuhitaji kueleza. Sauti ya Kanali ilikuwa imejaa stoo nzima: wageni wapewe mtu wao, mkataba usitiwe doa, nani asiyejua kwamba bila ndege zao Mbau itabaki pori?

"Hata mkubwa wako anakubali," Bwambale alisema, si kwa ubaya.

"Huyu ni raia wetu."

"Na chupa ilikuwa kwenye meza yetu sote. Afande, wakubwa wangu hawatii sahihi juu ya sumu. Jioni gari langu linavuka mpaka, na yeye ndani, au na mwingine unayemjua wewe."

Rachida aliketi tena juu ya gunia. Hakusema habari ya sufuria.

*

Walikwenda Butembo wote watatu. Bwambale alimkaribisha Kavira kwenye gari lake, Kavira akakataa, halafu jipu lake likakataa kuwaka, na askari wa Bwambale wakashuka kulisukuma. Sagesse alishika usukani bila kutazama pembeni. Mpaka wanapita Kalunguta, katikati ya migomba na wanawake waliobeba mihogo, alikuwa amesema neno moja tu, nalo lilikuwa tusi kwa shimo la barabarani.

Hospitalini, Ornella alikuwa kwenye benchi la ukumbini, amevaa bado kitenge cha sherehe. Kando yake Kapteni Ézéchias alikuwa akimenya chungwa. Manesi walimsifu kwa Kavira kabla hajauliza: ni ndugu kweli huyu, hajatoka hapa tangu jana, yeye ndiye aliyembeba mgonjwa mgongoni kutoka kwenye gari. Ézéchias na Meja walikuwa watoto wa mtaa mmoja wa Musienene, waliingia jeshini siku moja. Alimpa Kavira mkono, akatabasamu kwa huzuni. Jino lake moja la mbele lilikuwa limevunjika ncha.

Kavira alimwita Ornella pembeni.

"Samahani, dada. Nifungulie mukoba."

Ornella hakubisha. Ndani kulikuwa na rozari, kanga ya mtoto, simu, na vidonge katika plaketi iliyobaki nusu. Sagesse aliinama, akasoma jina, akamvuta Kavira mkono.

"Ni ile ile ya kipimo," alinong'ona. "Tumemaliza. Ni mke."

Bwambale naye alikuwa ameisoma. Mkono wake ulikwenda kwenye redio.

"Ngoja," Kavira alisema. "Dada, hizi ni za nani?"

"Zangu. Silali." Ornella alimtazama usoni, kisha akatazama sakafu. "Tangu alianza masomo ya Kiingereza na ule mwanamuke. Kila jioni Kiingereza. Nilimuuliza, Josaphat, Kiingereza gani hii inanukia marashi? Akanicheka. Akasema niko na wivu. Mais ndiyo, niko na wivu! Nani atakuwa nayo kama si miye? Mwaka muzima ataenda kule, miye nabaki hapa na batoto na picha."

"Ukampa dawa ili asiende?"

"Hapana!" Nesi mmoja akageuka. Ornella akapunguza sauti. "Kama ningetaka kumulaza bwana yangu, ningemulaza kwangu nyumbani, hapana mbele ya bakubwa. Na chupa yake sikuiona. Nilitoka mbele ya hotuba kuanza. Uliza yule maman wa bitunguu."

"Nimemuuliza. Plaketi zingine ziko wapi? Daktari hatoi moja."

Ornella akafunga mkoba, akaufungua tena.

"Nilipatia mutu. Aliniambia naye hapana lala, tangu siku ile majina ilitoka. Nikamuonea huruma. Tulikuwa batu babili ba kukosa usingizi, kila mutu na sababu yake."

Hakutaja jina. Macho yake yalikwenda kwenye benchi, kwa mtu aliyekuwa akipanga vipande vya chungwa kwenye sahani ya mgonjwa asiyeweza kula, na Kavira akaona yanajaa kitu kipya. Mwanamke huyu alikuwa akifikiri jambo kwa mara ya kwanza.

"Baki hapa," Kavira alimwambia. "Usimuambie kitu."

Sagesse akamfuata hadi mlangoni. "Kumpa mutu dawa hapana ushahidi. Atasema alizikunywa. Tumuchukue mke, Kanali atafurahi, tunarudi."

"Na Rachida?"

"Si atatoka?"

"Atatoka mmoja, aingie mwingine asiye na kosa. Kule kibandani ng'ambo, kaa kwa meza ya pembeni na Kapteni Bwambale. Nunua kitu cha kunywa. Usinitazame."

*

Mbele ya hospitali, ng'ambo ya barabara, Mama Florentine ana kibanda cha vinywaji, viti vya plastiki chini ya bati. Ézéchias alifurahi kualikwa. Alisema miguu inamuuma kwa kusimama. Florentine alileta sukre ya machungwa kwa Kavira, akaifungua mbele yake, na bia kwa Kapteni. Alipokuwa bado anainama na kifungulio, Ézéchias alikwisha kuitia meno. Kifuniko kikatoa sauti, akakiweka kando ya bilauri.

"Utavunja na lile lingine," Florentine alimtania.

"Hili la kwanza lilivunjika Musienene, mama, tukiwa batoto. Josaphat alinibishia siwezi."

Kavira akacheka pamoja nao. Akaacha bia ishuke kidogo chupani.

"Mon capitaine, nisaidie. Jana ulikaa upande gani?"

"Kushoto kwake. Ornella kuume."

"Alipoenda kuhutubu, nani alichunga chupa?"

"Madame yake, nafikiri."

"Madame alikuwa jikoni."

"Ah." Alikunywa. "Basi sijui. Nilienda kuchukua nyama. Unajua bajeshi na nyama."

"Hukuigusa."

"Hata kidole."

"Na ile nafasi ya chuo, sasa itakuwa ya nani?"

Ézéchias aligeuza chupa yake taratibu, robo mzunguko, robo mzunguko. "Miye ni wa pili kwenye liste. Mais hapana ya kufurahia. Unaelewa? Nafasi ya namna hii hapana ya kufurahia."

"Naelewa." Kavira akatoa simu, akaitazama, akasonya. "Kanali. Huyu mutu hatanipa amani. Nichungie chupa, nakuja."

Alivuka barabara hadi kwenye geti la hospitali, simu sikioni, akizungumza na mtu asiyekuwepo. Aliwapa kisogo. Pikipiki zilipita na mizigo yao ya vitunguu na majani ya muhogo. Muuza viatu akamwita mara mbili. Alisubiri muda ambao mtu husubiri kugombezwa na mkubwa, halafu akarudi.

Juu ya mdomo wa chupa yake ya machungwa kulikuwa na kifuniko cha bia, chali.

"Asante kwa kunichungia," alisema.

"Nzi ni mingi huku."

Kavira akaketi. Akavuta glavu mpya za Bwambale, akazivaa kidole kwa kidole, akakiinua kile kifuniko. Akatoa mfukoni mfuko wa plastiki wenye kifuniko cha kwanza, akaviweka viwili sambamba mezani. Pindo moja kwa pindo jingine. Alama iliyozama, na kando yake ile iliyogusa tu, ya jino lisilo na ncha.

Ézéchias alivitazama kwa muda mrefu. Mkono wake ulikuwa umekwenda wenyewe juu ya chupa ya Kavira, bila yeye kuutuma, kama ulivyokwenda jana, kama unavyokwenda mkono wa kila mtu wa huku anapoambiwa nichungie. Aliuona sasa. Akauondoa mezani, akauficha mapajani.

Kwenye meza ya pembeni Bwambale alisimama. Kavira akamwashiria asubiri.

"Nilitaka alale," Ézéchias alisema. "Kulala tu. Leo asubuhi, bageni bakikagua majina, baite jina yake, asiitike, baite yangu. Sikujua iko na dawa ya moyo anakunywa. Alipoanza kuwa baridi miye ndiye nilimubeba, uliza. Miye ndiye nilimubeba!"

"Bameniambia."

"Tulikuwa kwa banc moja ya masomo, Inspekta. Miye ndiye nilimufundisha kufunga kamba za viatu, za bottes. Katika mazoezi nilimupita, katika ramani nilimupita. Halafu bageni banakuya, bakubwa, banatazama siye babili, sawa vile mutu anachagua mbuzi kwa soko, banasema: yule. Hapana kusema sababu. Yule." Akamgeukia Bwambale. "Sababu ilikuwa nini, mon capitaine? Niambie leo."

Bwambale akaangalia vifuniko viwili mezani. "Sikuwa kwenye kamati," alisema mwishowe.

"Unaona? Hata yeye hajui."

"Miye najua kitu kimoja," Kavira alisema. "Chupa ya mama mukwe aliirudisha. Madame yake mwenyewe alikuwa anamushuku. Katika ukumbi muzima, na bakubwa wa nchi mbili ndani, alitafuta mutu mumoja wa kumuachia. Akakuachia weye."

Ézéchias alichukua bia yake, akaona imebaki nusu, akairudisha pale pale. Sagesse alipomfunga pingu alinyoosha mikono mwenyewe.

Walikuwa wanamwingiza kwenye jipu wakati nesi alipotokea getini akipunga mkono, anapiga kelele ya furaha kuvuka barabara. Meja amefungua macho! Ametoa mpira mdomoni! Anauliza Ézéchias iko wapi.

Ndani ya jipu, Ézéchias aliegemeza paji la uso kwenye kiti cha mbele.

*

Bwambale alipiga simu Beni, akaagiza Rachida afunguliwe. Sauti ya Rachida ilisikika upande wa pili, ikihesabia watu sufuria, ikiuliza nani alikula wali wake uliobaki, na lori la Bilali je? Bwambale aliisogeza simu mbali na sikio, na kwa mara ya kwanza alionekana mtu wa nyumbani.

"Nitaliulizia lori lake," alisema. Kisha akavuta kiti, akaketi mbele ya Kavira. Sagesse naye alikuwa amerudi, amekabidhi mfungwa kwa walinzi, anajifuta jasho. "Inspekta, mimi nilikuwa na mashine, na ningempeleka mama asiye na kosa. Nitaandika hivyo kwa wakubwa. Kule kwetu kuna kozi ya upelelezi. Mkataba ukitiwa sahihi, upande wenu mtapata nafasi."

"Ngapi?" Sagesse aliuliza.

"Moja. Nitaweka jina la Inspekta Kavira."

Florentine akapiga kigelegele bila kujua ni cha nini. Sagesse alianza kupiga makofi, akapiga kwa nguvu kuliko wote, mpaka watu wa meza za mbali wakageuka. "Félicitations, yaya, dada mukubwa!" alisema. "Kweli, kweli. Umestahili." Alitabasamu kwa meno yote.

Kutoka getini Ornella alimwita Kavira. Alikuwa amesimama na kitenge chake cha sherehe, hajui kama acheke au alie, anataka mtu wa kuingia naye kwa mumewe, maana lazima mmoja amwambie. Kavira aliinuka.

Sukre ilikuwa mezani, imebaki zaidi ya nusu. Alikuwa na kiu tangu Kalunguta.

"Nenda tu, yaya," Sagesse alisema, akivuta kiti chake karibu. "Nitakuchungia chupa."

Kavira alimtazama. Walikuwa wamekaa dawati moja miaka yote ya mafunzo, wamegawana mkate na kalamu.

"Asante, ndugu yangu," alisema.

Akaichukua chupa, akaziba mdomo wake kwa kidole gumba, akavuka nayo barabara.